Si Mbaya Sana

Bi Verna Perko aliingia famasini kwetu Jumanne asubuhi, wiki moja kabla ya Krismasi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa karatasi ya foili, na theluji ikiwa bado haijayeyuka kwenye kofia yake ya sufi. Nilikijua kitu hicho kabla hajafika kaunta. Kwa miaka miwili kilikuwa kikiletwa kwangu. Nilijifuta mikono kwenye koti langu jeupe, nikajitengenezea uso wa mtu asiyetarajia chochote.

Alinipita.

"Odette yupo?"

"Yuko nyuma anaongea kwenye simu. Naweza kukuhudumia mimi, Bi Verna."

"Aa, usijisumbue, Aili. Nitamngoja."

Alingoja dakika kumi na mbili. Najua, kwa sababu muda wote huo nilikuwa nikipanga chupa zilezile kwenye rafu ileile, jicho kwenye saa ya ukutani. Odette, mfamasia mwenzangu, alipotokea, Bi Verna alinyanyuka kama msichana aliyeitwa kucheza dansi.

"Nimekuletea potica," akasema. "Si nzuri sana mwaka huu."

"Potika! Mpenzi wangu wee, umenikumbuka!"

Inatamkwa potitsa. Mimi Bi Verna alinirudisha mara tatu mwaka wa kwanza mpaka nikaitamka sawasawa. Odette aliachiwa potika yake, tena akakumbatiwa juu.

Wivu wa mapenzi naujua kidogo. Huo angalau huja na hasira, na hukupa la kusema. Huu ulikuwa wivu wa mkate, na mtu wa kumwambia sikuwa naye.

Niseme kwanza Bi Verna ni nani kwangu. Alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi kwa miaka thelathini, hapa kwenye mji wetu wa migodi ya chuma, kaskazini mwa Minnesota. Mimi nilikuwa mtoto asiyeongea. Mwalimu mmoja alimwambia mama kwamba labda sisikii. Kwenye foleni ya chakula wenzangu walidai viazi vya ziada kwa kelele. Mimi nilisimama tu na sinia yangu. Bi Verna, bila kuniuliza, aliniwekea kijiko cha pili, kisha akanyoosha mkono juu ya masufuria na kunifunga kifungo cha juu cha sweta. Kila siku. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia asante kwa sauti.

Basi alipoingia hapa miaka miwili na nusu iliyopita, shali imemfunika nusu ya uso, mimi ndiye niliyekuwa kaunta. Famasi yetu haiuzi dawa za mafua. Inatoa bangi ya dawa peke yake, kwa wagonjwa walioandikishwa na madaktari wao, na kila mgonjwa lazima kwanza akae na mfamasia, mlango umefungwa, afundishwe.

"Gari nimeliacha kule kwenye duka la vifaa vya ujenzi," alininong'oneza. "Padri akiniona nitasema nimefuata misumari."

"Misumari ya nini, Bi Verna?"

"Ya jeneza langu, akizidi kuuliza."

Baridi yabisi ilikuwa imemla vidole na mabega. Kwa miaka tisa alikuwa akimeza vidonge vikali vya maumivu, na daktari wake alitaka kumpunguzia kidogo kidogo hadi viishe, matone yetu yachukue nafasi. Nilimfundisha. Niliongea na meza, kama kawaida yangu, lakini nilimfundisha. Kwamba katika mmea ule kuna kitu kinachopanda kichwani na kingine kisichopanda, na mafuta yake yatakuwa na vyote viwili sawa kwa sawa. Matone machache chini ya ulimi, jioni. Asiendeshe gari baada yake. Asiongeze bila kutuambia, wala asiache vidonge vyake ghafla. Chupa aifungie kabatini, mbali na wajukuu. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Mwishoni akasema, "Mtoto wa akina Rautio. Kumbe unaongea!"

Krismasi ile akaniletea potica. Kwa watu wa kwao, Waslovenia waliokuja zamani kuchimba chuma, sikukuu haiwi sikukuu bila mkate huo. Unga huvutwa juu ya meza nzima hadi uwe mwembamba kama kitambaa, hupakwa kokwa za jozi zilizosagwa na asali, hukunjwa kama mkeka, huokwa. Ukiukata, kila kipande kina mzunguko ndani ya mzunguko. Niliula kwa siku tisa, kipande kimoja kila asubuhi, nikiwa nimesimama.

Alikuwa wangu. Mfamasia hapaswi kusema hivyo juu ya mgonjwa, nami sikuwahi kusema. Nilisema kimoyomoyo tu, kila mwezi alipokuja kuchukua chupa yake.

Kisha, Agosti, akaja Odette Guidry. Ametoka Louisiana, kusini kabisa, ambako kwa maelezo yake watu husema kila wanachohisi halafu wanakula. Ana hereni kubwa, na sauti inayofika kila chumba kabla yake. Wiki ya pili akaomba kusaidia darasa la Alhamisi, na wiki ya tatu lilikuwa darasa lake.

Lilikuwa langu kabla. Kila Alhamisi mchana, kwenye ukumbi mdogo wa maktaba ya mji, kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu na yeyote mwenye maswali juu ya bangi ya dawa. Nilikuwa na chati kumi na nne za rangi na wahudhuriaji wanne, mmoja wao akija kuota moto tu. Odette hakuchukua chati hata moja. Alisimama mbele ya wachimba migodi wastaafu na wake zao akasema:

"Nani hapa amewahi kumeza kidonge cha bangi, akangoja nusu saa, akaona kimya, akameza cha pili?"

Hakuna aliyejitikisa. Kisha mzee mmoja wa nyuma, ambaye kwangu hakuwahi kufungua mdomo, akainua kidole.

"Ikawaje, mpenzi?"

"Nililiomba radhi jokofu," akasema yule mzee. "Kosa lenyewe silijui hadi leo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ndivyo hivyo!" Odette akapiga makofi. "Cha kumeza kinapita tumboni kwanza, kinachukua saa moja, saa mbili. Ukiongeza, vinakufikia vyote pamoja kama wakwe wasioalikwa. Ngoja! Unaanza na kidogo, unakaa nacho siku kadhaa, ndipo tunaongeza. Na wewe unayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, usitoke humu hujaniona, maana hizi mbili zikikutana zinagombana."

Maneno yangu yaleyale. Chati ya tano na chati ya tisa. Lakini kufika Oktoba watu walikuwa thelathini na mmoja, viti vikaazimwa kutoka chumba cha watoto. Bi Verna alikaa safu ya mbele, kofia mapajani, akicheka kabla utani haujafika mwisho. Mimi nilisimama mlangoni nikigawa karatasi.

Kulikuwa na jambo moja tu nililolijua ambalo Odette hakulijua, nami nililificha kama mtoto anavyoficha pipi. Lilikuwa jambo la kahawa.

Siku ya kwanza ya darasa lake alileta birika kubwa. Akapita kwa kila mtu. "Kahawa, mpenzi?" Na kila mtu akasema, "Hapana, asante." Odette akalirudisha birika jikoni, na watu wakakaa saa nzima midomo mikavu, macho kwenye mlango wa jiko. Kwetu ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, usije ukaonekana una njaa. Mara ya pili unakataa, usimsumbue mwenyeji. Ya tatu ndiyo unayoijibu. Hakuna anayetufundisha. Ndivyo tulivyo.

Baada ya darasa Odette alinifuata, mabega yameshuka. "Aili, hawa watu wako hawanywi kahawa?"

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja tu. Nilisema, "Si sana," nikaendelea kukunja karatasi, na ndani yangu kitu kikajinyoosha kama paka kwenye jua. Wiki iliyofuata hakuleta birika tena.

Basi, Jumanne ile. Bi Verna aliingia na Odette chumba cha ushauri, wakatoka, wakaagana, jambo ambalo kwetu huchukua robo saa mlangoni mtu akiwa ameshavaa koti. Kisha Odette akaipeleka potica kwenye chumba chetu cha mapumziko na kukata kipande.

"Utakula, Aili?"

"Hapana, asante."

"Haya," akasema, akafunga karatasi.

Nilistahili. Nilibaki nimekaa mbele ya sahani yake, kikombe mkononi, nikimtazama akila mkate wangu. Na kwa kuwa sikuwa na cha kutafuna, nilikichunguza kile kipande kama mwanamke anavyochunguza picha ya harusi ya mwanamume aliyemwacha, akitafuta kasoro.

Nikaipata. Nilihesabu mizunguko. Ilikuwa minne.

Potica ya Bi Verna ina mizunguko kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza niliihesabu kwa furaha. Mwaka wa pili ilikuwa minane, nikadhani nimepewa kipande cha mwisho wa mkate. Unga ule huvutwa kwa migongo ya mikono, polepole, kuizunguka meza, mpaka maua ya kitambaa yaonekane kupitia ndani yake, ndipo unapoweza kukunjika mara nyingi. Huu ulikuwa mnene kama kidole changu. Upande mmoja ulichanika ukazibwa kwa donge la unga.

Furaha ya kwanza iliyonipata, nasema kweli, ilikuwa kwamba Odette amepewa potica mbovu.

Ilidumu kama pumzi mbili.

"Bi Verna anaendeleaje?" nikauliza.

"Vizuri mno! Tatu." Odette alilamba asali kidoleni. Alimaanisha kipimo cha maumivu, sifuri hadi kumi, ambacho lazima tumuulize kila mgonjwa kabla ya kumpa chupa mpya. "Nilimwuliza maumivu yakoje, akasema si mbaya sana. Nikasema tukuongezee matone? Akasema hapana, asante. Mwanamke yuko sawa kabisa. Nimeshamwandikia daktari wake kwamba matone yanatosha. Ijumaa anamwona, na Januari vidonge vinakwisha. Si jambo zuri hilo?"

Si mbaya sana. Babu yangu alisema hivyo siku mguu wake ulipobanwa na behewa la chuma, kisha akauliza kama kuna aliyemlisha mbwa.

"Si jambo zuri?" Odette akarudia.

"Zuri," nikasema.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilitaka ushahidi. Nilishaiona picha nzima: nitampelekea Bwana Skoglund, mkuu wetu, miezi ya makosa ya Odette, kwa upole, kwa masikitiko, naye atakuna kidevu, na Bi Verna atarudi kwenye kiti changu. Nikafungua kumbukumbu zake. Desemba: tatu, na herufi za jina la Odette pembeni. Novemba: tatu. Oktoba: tatu. Septemba: tatu.

Nikateremka. Agosti: tatu, na herufi zangu. Julai: tatu, herufi zangu. Juni. Mei. Niliendelea kuteremka mpaka nikafika siku ya shali na misumari. Mara ishirini na saba. Tatu, tatu, tatu, zote zangu. Na matone yalikuwa yaleyale ya siku ya kwanza. Hayakuwa yameongezwa hata moja.

Odette aliandika tatu kwa sababu alisikia tatu. Mimi nilikaa mbele ya mwanamke aliyenilisha, nikasikia si mbaya sana, nikajua maana yake, na nikaona haya kuuliza tena. Kumuuliza mtu mara tatu juu ya kahawa ni heshima. Juu ya mwili wake nilihisi ni kama kumvua nguo. Nikaandika tatu, nikapokea potica, nikahesabu mizunguko.

Ilibaki Jumatano na Alhamisi. Ijumaa daktari angesoma barua yetu, na Januari Bi Verna angebaki na matone ya mtu anayeanza, na mikono ile.

Jumatano nzima nilizunguka nalo. Nilifikiria kumpigia simu Bi Verna mwenyewe, bila Odette. Nilifanya hata mazoezi ya maneno kwenye gari. Kila zoezi lilimalizika kwa yeye kunishika mkono na kusema, Aili, wewe ndiye unayenijua. Mara ya nne au ya tano ndipo nilipotambua kwamba katika mazoezi hayo hakuna hata moja ambamo nilisema habari za mikono yake. Tena nilijua ingekuwaje kweli. Ningeuliza mara moja, angesema si mbaya sana, ningesema sawa, tungeongea juu ya theluji.

Alhamisi, kabla ya darasa, nilimkuta Odette kwenye jiko la maktaba akipanga karatasi.

"Kuna jambo," nililiambia sinki.

"Sema, mpenzi."

"Bi Verna si tatu."

Nikamweleza. Mizunguko, donge la unga, babu na behewa. Kisha nikamweleza la kahawa, maana moja halikuweza kusemwa bila jingine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Odette alisikiliza mikono imemfia juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo siku ile walikuwa wanaitaka kahawa?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Mzee wa jokofu zaidi."

"Na mimi nikakuuliza wewe. Ukasema hawanywi sana."

"Ndiyo."

"Miezi minne, Aili." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Miezi minne nawauliza watu mara moja kama wanaumia, wananiambia hapana, nafurahi kama mjinga! Na wewe umesimama hapo mlangoni unagawa karatasi. Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mawili matatu ya heshima. Yote yalikwama. "Potica alikuwa ananiletea mimi," nikasema.

Aliziweka karatasi mezani.

"Mungu wangu," akasema. "Si ungesema tu? Ningekupa mkate wote. Mimi hata sipendi kokwa za jozi. Nilikula nisimvunje moyo."

Angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

"Mimi pia niliandika tatu," nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimeshafika mahali ambapo hakuna cha kuficha. "Mara ishirini na saba. Na mimi nilikuwa nikijua."

Alizipanga karatasi zake, akazipangua, akazipanga tena. "Leo baada ya darasa," akasema. "Namuuliza mimi, kwa sababu wewe hutaweza. Lakini unakaa ndani, na wewe ndiye utakayeandika."

Darasa likaisha. Odette akamwomba Bi Verna aje kidogo kwenye chumba cha kusomea, akafunga mlango. Bi Verna aliponiona nimekaa pembeni na kalamu, akasita.

"Kuna nini? Nimekufa hamjaniambia?"

"Bado," Odette akasema. "Keti, mpenzi. Maumivu yakoje wiki hii?"

"Si mbaya sana."

"Sawa. Maumivu yakoje, Bi Verna?"

"Aa, wapo walio na hali mbaya kuliko mimi. Jirani yangu hana mguu."

"Sikuulizi mguu wa jirani." Odette alisogeza kiti. Niliona jinsi alivyojizuia, jinsi alivyobana midomo kama mtu anayevuka barafu nyembamba na kusikiliza kila hatua. "Maumivu yakoje?"

Bomba la joto liligonga ukutani. Bi Verna aliitazama mikono yake, iliyolala mapajani kama glavu za mtu mwingine.

"Nane," akasema. "Asubuhi tisa. Vifungo siwezi tena. Nalala na sweta ili kesho yake nisihangaike kuivaa." Aliifunika mikono kwa kofia. "Unga niliuvuta kwa viwiko. Ukachanika. Nikakaa chini jikoni nikalia kama mtoto, jozi zimeshasagwa, na hakuna wa kuvuta."

Alimwambia Odette. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ufunguo niliuleta mimi, na mlango ukamfungukia mwingine. Nikisema sikujali nitakuwa nasema uongo. Niliandika nane, na kalamu ikatoboa karatasi.

"Kwa nini hukusema, mpenzi? Umekaa kwenye kipimo cha kuanzia miaka miwili na nusu!"

"Nilidhani ndicho kipimo. Halafu ni bangi, Odette. Mtu anaomba aongezewe bangi? Watasema mama wa watu ameshanogewa."

"Na Aili je? Anakujua tangu mtoto."

"Huyo?" Bi Verna hakugeuka. "Huyo nilikuwa nikimfunga kifungo kila siku. Leo nimwambie changu kimenishinda? Angelia. Mtazame."

Nilikuwa nalia. Kimya kimya, kama nifanyavyo kila kitu.

"Ndiyo maana nikaanza kukungoja wewe," akamwambia Odette. "Nikasema huyu mgeni, kwake sitaona aibu. Nawe ukaniuliza mara moja tu, ukafunga faili! Nikasema basi, huko kwao hawajali."

Odette alifunika uso kwa mikono miwili. Alipoifunua alikuwa anacheka na kusikitika kwa pamoja. Kisha akachukua simu, palepale, akaipigia kliniki. Aliongea na muuguzi, akangojeshwa, akaongea na daktari mwenyewe. Alisema barua yetu ina kosa, kosa ni letu, na namba sahihi ni nane. Vidonge havitaondolewa Januari. Vitabaki vilivyo, matone yataongezwa kidogo kidogo, na kupunguza kutazungumzwa tena maumivu yakishuka kweli.

Kumweleza jinsi ya kuongeza aliniachia mimi. Nilivuta kiti. Nilimwambia wiki ya kwanza ni tone moja tu zaidi jioni, na tutampigia simu kila baada ya siku tatu. Akiamka asisimame ghafla, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, maana kichwa kinaweza kuzunguka. Akiona usingizi mzito mchana au mawazo yanachanganyika, arudi kwenye kipimo cha zamani na atuite. Na kwamba mtu anayeongezewa dawa kwa sababu anaumia hajanogewa, anatibiwa. Niliyasema yote nikimtazama usoni. Meza haikusikia neno.

"Sawa, mwalimu," akasema. Sikuweza kujua kama ananitania.

Barua mpya ilihitaji saini. Odette alisaini, akanisukumia kalamu bila kusema kitu, nami nikasaini chini yake.

Tulimsindikiza mlangoni. Nje theluji ilikuwa inaanguka tena, na robo saa yetu ya kuagana ikaanza: barabara zikoje, mtoto wake atafika lini kutoka Duluth, jirani asiye na mguu na mbwa wake mkaidi. Alikuwa amemshika Odette mkono, si mimi. Koti lake lilikuwa wazi. Nilinyoosha mkono na kumfunga kifungo cha juu, sikuuliza. Alisimama akatulia, kidevu juu, hadi nilipomaliza.

"Umekonda," akaniambia. "Potica ulikula?"

"Nilikula, Bi Verna."

"Mwongo."

"Alikataa," Odette akasema. "Nilimkaribisha mwenyewe."

"Ulimkaribisha mara ngapi?"

Odette alinitazama. "Mara moja."

Bi Verna alicheka mpaka akalazimika kuegemea mlango. "Maskini mtoto! Na bado unayo?"

Ilikuwepo. Odette alikuwa ameibeba kwenye mkoba awagawie watu wa darasa, kisha akasahau. Akaitoa, akafungua karatasi ya foili, mizunguko minne minene, na kuinyoosha mbele yangu.

"Utakula, Aili?"

"Hapana, asante."

Mkono wa Bi Verna ulikuwa bado umelala kwenye mkono wa Odette, umestarehe, kama vile pale ndipo mahali pake siku zote. Nilipaangalia, kisha nikautazama mkate.

"Utakula?" Odette akauliza tena.

"Usijisumbue," nikasema, nikameza mate, na kumwomba Mungu kimoyomoyo huyu mwanamke wa kusini asikosee kuhesabu.